Sindromu ya vyumba vya misuli ya mguu
Dharura ya upasuaji inayoweza kufuata jeraha la ateri, hasa ile ya nyuma ya goti. Chini ya goti mna vyumba 4 vya misuli, vilivyozungukwa na utando mgumu usiotanuka. Ateri ikishaungwa na damu kurudi, misuli iliyokosa damu huvimba na kujibana humo humo. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha, makali zaidi daktari anapokunja au kunyoosha vidole vya mgonjwa. Mapigo ya damu kwenye unyayo yasimhadae mtu: huweza kusikika hali misuli inakufa. Tiba ni kupasua utando wa vyumba vyote 4, mara nyingi kwa mikato 2, na kidonda huachwa wazi kwa siku kadhaa. Mguu uliokosa damu zaidi ya saa 6, wapasuaji wengi huupasua papo hapo bila kungoja uvimbe.