Gundi, Maungio na Mabawa ya Mosquito

Mfasiri apewaye taarifa ya majaribio ya gundi katika joto na baridi kali huandika mara nyingi kwamba "gundi imeshindwa", akaendelea mbele. Twaona maneno hayo hayatoshi, na kisa cha ndege ya Mosquito chaonyesha kwa nini.

Ndege hiyo ya Kiingereza, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, iliundwa kwa mbao na plaiwudi zilizounganishwa kwa gundi. Zile za awali zilitumia gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa. Baadaye ikaingia gundi ya kemikali. Mwishoni mwa 1944 ndege kadhaa zilianguka huko Bara Hindi na nchi jirani, na ikadhaniwa kwamba ngozi ya juu ya bawa ilibanduka kutoka kwenye boriti yake. Lawama ikaiangukia gundi: imepasuliwa na jua, imeharibiwa na mvua za kusi. Ujumbe ulioongozwa na Hereward de Havilland ulikana jambo hilo Desemba 1944, ukisema kwamba mbao ndizo zilizonywea kwa sababu ya hali ya hewa. Kumbe sivyo. Wachunguzi wa serikali huko Defford, Uingereza, walikagua ndege ambazo hazijapata kuonja mvua hizo, wakakuta kasoro zile zile. Kazi ya kugandisha ilikuwa imefanywa vibaya kiwandani.

Hapo pana vitu vitatu: gundi, mbao na maungio. Mpimaji huvuta kipande hadi kiachane, kisha hutazama palipoachana. Nyuzi za mbao zikibaki zimeng'ang'ania gundi, mbao ndiyo iliyochanika, na gundi haina lawama. Gundi ikitoka safi upande mmoja, imebanduka. Haikushika tangu awali. Ikiacha tabaka pande zote mbili, imepasuka yenyewe, labda kwa kulegea katika joto au kukakamaa katika baridi.

Kuchanika, kubanduka, kupasuka: seremala yeyote huyatofautisha bila kamusi. Twapendekeza yaingizwe katika orodha kama yalivyo. Gumu zaidi ni jina la ile nguvu ya kushika. "Mshikamano" limekwisha chukuliwa na siasa, na msomaji atacheka. "Mnato" huutaja pia uzito wa asali na mafuta. Kwa sasa sisi twaandika "nguvu ya kushika", kwa maneno matatu.