Mashine Isahihishayo Kazi za Wanafunzi

Kila mwalimu aujua mzigo wa madaftari. Watoto wamekwenda zao, naye huketi penye taa, rundo li mbele yake. La kwanza hulisoma kwa makini. La arobaini hulisoma macho yakimlemea. Hapo ndipo mwenye kosa apitapo, na asiye na kosa akaonewa. Basi tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu jinsi watu walivyomtafutia mwalimu msaidizi asiyechoka.

Katika mwaka wa 1960 Jack Hollingsworth, wa chuo cha Rensselaer katika mji wa Troy, Marekani, alitangaza habari za msaidizi wa namna hiyo. Siku zile wanafunzi waliiandikia kompyuta maagizo yake, yaitwayo programu, kwa kutoboa matundu katika kadi. Kadi hizo zilitiwa mashinani pamoja na programu ya kusahihisha, nayo ikaijaribu kazi ya mwanafunzi na kutoa hukumu.

Mwaka wa 1972, huko Marseille, Ufaransa, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Prolog. Kwa lugha hii mwanafunzi haiamuru mashine hatua kwa hatua, bali huiambia mambo yaliyo kweli pamoja na kanuni zake. Kisha huuliza, nayo hujibu kwa mantiki.

Na tutoe mfano kwa jamaa tuwajuao sote. Mwanafunzi ameambiwa aandike kanuni ya babu. Aandika: babu ni mzazi wa mzazi. Twauliza, Je, Ibrahimu ni babu wa Yakobo? Mashine yajibu, Ndiyo, nasi twafurahi. Lakini tukiuliza habari za Sara, yajibu vile vile, Ndiyo! Mwenzake aandika: babu ni baba wa baba. Huyu hamwiti Sara babu, lakini amemwacha Bethueli, babake Rebeka aliyemzaa Yakobo. Basi makosa ni mawili: kusema lisilo kweli, na kuacha lililo kweli. Tena liko la tatu, kanuni kujizunguka yenyewe, mashine isijibu kamwe.

Mwaka wa 1982 Ehud Shapiro, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alionyesha njia ya kuyatafuta makosa hayo matatu. Jibu likiwa baya, mashine humwuliza mtu neno moja moja: Hili ni kweli? Na hili je? Hata mwisho huifikia kanuni yenyewe iliyoharibika. Hivyo mwanafunzi haambiwi tu kwamba amekosa, bali huonyeshwa mahali alipokosa.

Je, mwalimu aweza sasa kulala? La. Alan Turing, Mwingereza, alithibitisha mwaka wa 1936 kwamba hapana njia moja iwezayo kujua, kwa kila programu, kama itafika mwisho ama itazunguka milele. Kwa hiyo mashine ya kusahihisha huwekewa muda, na muda ukipita kazi hukatwa, ijapokuwa pengine ilikaribia kujibu. Tena mashine huuliza yale tu iliyopewa kuuliza. Kama mwalimu hakukumbuka kuuliza habari za Sara, kanuni mbovu itapata alama zote, na mwanafunzi atakwenda zake akidhani ameelewa.

Basi twaona kwamba uchovu waweza kuondolewa na mashine, lakini kuchagua swali lililo jema kumebaki kazi ya mwalimu.