Bili ya maji Mombasa: kwa nini wakazi hugoma kulipa, na haki zao ni zipi

Kisiwani Mombasa, ugomvi mwingi wa maji huanza siku bili inapofika. Mfereji umekauka wiki nzima, familia imenunua mitungi kwa mkokoteni, kisha mwisho wa mwezi karatasi yaja na deni. Kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo na Tudor utasikia lalamiko moja: "Twalipishwa hewa." Makala haya yaeleza maji yetu yatoka wapi, lalamiko hilo lina ukweli gani, na mkazi anayepinga bili afanye nini asije akajidhuru mwenyewe.

Maji yatoka wapi

Kisiwa hakina mto. Wazee wa Mji wa Kale waliishi kwa visima na maji ya mvua, na misikiti ya zamani kama Mandhry ilikuwa na visima vyake. Leo maji ya visima vingi yana chumvi, na mashimo ya vyoo yako karibu mno kwa mtu kuyanywa bila wasiwasi.

Maji ya bomba yatoka bara. Chemchemi ya Mzima iko Tsavo, na bomba lake la kilomita 220 hivi lilikamilika 1957. Marere na visima vya Tiwi viko Kwale. Baricho iko Kilifi, kando ya mto Sabaki. Ya Mzima huteremka yenyewe, lakini ya Baricho lazima yasukumwe kwa pampu za stima. Mara kadhaa Kenya Power imekata stima kwa sababu ya madeni, na mifereji ya miji ya Pwani ikakauka.

Mabomba makubwa yako chini ya wakala wa serikali kuu, CWWDA. Huyo huiuzia maji kampuni ya kaunti, MOWASSCO, nayo hutuuzia sisi. Mahitaji ya Mombasa yakadiriwa kufika mita za ujazo 200,000 kwa siku, na yanayofika ni chini ya nusu. Ndiyo sababu ya mgao.

Malalamiko makuu

*Hewa kwenye mita.* Hili si porojo. Bomba likikaa tupu hujaa hewa. Maji yanaporudi huisukuma hewa ile mbele, na mita ya kawaida yenye gurudumu huzunguka vilevile, kwa sababu haitambui kilichopita ni nini. Vali za kutolea hewa hupunguza tatizo, lakini dawa yenyewe ni maji kutokatika.

*Mita moja, nyumba nzima.* Nyumba ya Kiswahili yaweza kuwa na wapangaji sita, kila mmoja na chumba chake, na mita moja mlangoni. Bei hupangwa kwa ngazi: anayetumia kidogo hulipa bei nafuu kwa uniti, anayetumia zaidi hulipa bei ya juu. Jamaa sita wakihesabiwa kama mteja mmoja, hupandishwa hadi ngazi ya ghali japo kila mmoja ametumia kidogo. Nyumba za urithi na za wakfu zina shida nyingine: jina lililo kwenye akaunti pengine ni la marehemu, na deni halina mwenyewe.

*Maji yanayopotea.* Ripoti za WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji, zaonyesha kwamba nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaingizi pesa. Huvuja, huibwa, au mita hazisomi sawa. Anayelipa huona abebeshwa mzigo wa asiyelipa.

*Imani na mazoea.* Kwa Waislamu wa Pwani, maji ya sabili ni sadaka kubwa, na kila mtoto wa madrasa amesikia habari ya Sayyidna Uthman aliyenunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu. Hata hivyo wanazuoni wengi hutofautisha maji yaliyo mtoni na yale yaliyogharimiwa kuletwa, na haya ya pili wanakubali yauzwe.

Hesabu ya mkokoteni

Uniti moja ya bili ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tuseme mtungi mmoja ni shilingi 20. Uniti hiyo kwa mkokoteni imekugharimu shilingi 1,000. Ilinganishe na bei ya uniti kwenye bili yako. Wanaogoma bili si watu waliozoea bure. Wengi wao tayari wanalipa maji mara nyingi zaidi ya bei ya bomba, na ndiyo maana bili ya mfereji mkavu huwauma.

Kwa wenzetu

Zanzibar, maji yalikuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Sheria ya 2006 iliyounda mamlaka ya maji, ZAWA, ilirudisha malipo, na wengi wakawa wazito kulipa. Afrika Kusini, wakazi wa Phiri, Soweto, walikwenda kortini kupinga mita za kulipia kabla. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliamua mita hizo ni halali. Ireland, watu walizuia mafundi wa mita mitaani mwaka 2014, na kufikia 2016 malipo ya nyumbani yalisimamishwa.

Ukipinga bili, pinga hivi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatoa haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Lakini hakisemi maji ni bure.

1. Piga picha ya mita kila mwanzo wa mwezi, na uandike siku ambazo maji hayakuja.
2. Angalia kama bili imetokana na kusomwa kwa mita au ni makadirio tu.
3. Lalamika kwa maandishi, weka nakala, na uombe mita ipimwe.
4. Lipa sehemu usiyoipinga. Ukinyamaza bila kulipa, rekodi itaonyesha deni tu, na utakatiwa.
5. Usiunganishe bomba kimagendo. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Maji ya 2016.
6. Usiposikizwa, peleka lalamiko WASREB.

Tena, kabla bei mpya haijaidhinishwa, wananchi lazima waulizwe maoni. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu, kisha kelele huja bili zikishapanda. Mtaa ukienda pamoja na daftari la siku za ukame na picha za mita, itakuwa vigumu kwa yeyote kusema kuwa ni maneno ya barazani.