Kutoka Tenga hadi Bruda

Kulea vifaranga bila mama yao si jambo la jana. Misri ya kale mayai yalitotolewa kwa maelfu katika matanuri ya udongo, na watunzaji walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho! Kwetu kuku mwenyewe ndiye aliyekuwa bruda, na tenga ngome yake dhidi ya mwewe. Lakini kuku anayelea hatagi, na miezi inakwenda. Basi wafugaji wakajaribu kandili ndani ya duara la mkeka. Duara, maana penye pembe vifaranga hurundikana wakafa. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, kandili nayo ikawa ghali. Mwenye mkaa akawasha jiko, akalifunika chungu kilichotobolewa.

Hapo ndugu, angalia sana. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, nayo huua vifaranga na mlinzi wao pia. Washia jiko nje mpaka moshi uishe, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, na usilale humo. Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 33 hadi 35. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe: wakikumbatiana wana baridi, wakikimbia jiko na kuachama midomo, limezidi.