Tulifundishwa Kuogopa Moshi

Watu wa Webuye hawahitaji somo kuhusu moshi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka kilipofungwa mwaka 2009, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliwapa moshi bila kuombwa. Ukitoka Kitale kwa matatu, ukapita Kiminini na Kamukuywa, harufu ilikupokea kabla hujafika stejini. Wenyeji walilalamika kuhusu vifua, kuhusu mto Nzoia, kuhusu mabati yaliyoliwa na kutu. Hakuna aliyehitaji digrii kujua kwamba kitu kile si kizuri. Moshi hauna siri. Unauona, unaunusa, unakohoa.

Lakini barabara hiyo hiyo, kutoka Kitale kupitia Webuye hadi Bungoma, leo ina vijana wanaosomea kututibu. KMTC ina matawi katika miji yote mitatu. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 1990, kina desturi ya kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka vituo vya afya mashinani, na hospitali ya Webuye imekuwa moja ya shule zao. Hawa ndio watakaoulizwa swali ambalo wazee wao hawakuwahi kuulizwa: "Daktari, nimeacha sigara nikahamia vepu. Sasa niko sawa?"

Watajibu nini?

Wanafunzi wa udaktari wamefanyiwa tafiti kuhusu sigara za kielektroniki katika nchi nyingi, na hadithi inajirudia. Karibu wote wamezisikia. Wanajua sigara ya kawaida inaua. Ukiwauliza kuhusu vepu, majibu yanatawanyika, na wengi wanasema hawakufundishwa: walichonacho wamekipata kwa marafiki na kwenye simu. Rahisi kusema ati ni uvivu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo siko hapa kumpima mtu kwa vyeti. Ninachoona ni kwamba pengo hili lina historia, na ukurasa wake mmoja uliandikwa hapa Bungoma.

Nenda Malakisi, karibu na mpaka wa Uganda. Eneo hili lilijulikana kwa pamba, lina hata kinu chake. Kisha ikaja tumbaku. Kampuni ya BAT iliingia Kenya mwaka 1907, lakini ni kuanzia miaka ya 1970 ndipo kilimo cha mkataba kilipopanuka. Bungoma ikawa mojawapo ya maeneo ya zao hilo, pamoja na Migori, Busia na Meru. Mpango ulikuwa hivi: kampuni inakupa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, wewe unalima, unavuna, unakausha kwa kuni zako, unapeleka majani kituoni, yanapangwa kwa madaraja, deni linakatwa, unabaki na kilichobaki.

Sasa, fikiria mtoto anayesaidia kuvuna asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Nikotini huyeyuka ndani ya maji. Jani likiwa limelowa, nikotini inapita kwenye ngozi ya mikono na kuingia damuni. Mtoto anasikia kizunguzungu, kichwa kinagonga, anatapika. Huu ni ugonjwa wa tumbaku mbichi, na umeelezwa katika vitabu vya tiba tangu miaka ya 1970. Hajawasha kitu. Hajavuta kitu. Hakuna moshi hata chembe, lakini nikotini imeshamshika.

Hapo ndipo somo lilipaswa kuanzia. Nikotini ni kitu kimoja, moshi ni kitu kingine. Wanakemia wawili wa Heidelberg, Ujerumani, waliitenga nikotini kutoka kwenye tumbaku mwaka 1828, karibu miaka mia mbili iliyopita. Moshi ndio unaobeba lami na sumu nyingi zinazoleta saratani. Nikotini ndiyo inayokurudisha dukani kesho.

Kwa nini basi darasani tulisikia zaidi kuhusu moshi? Kwa sababu vita kubwa ya karne iliyopita ilipiganiwa hapo, na madaktari walikuwa katikati yake, mwanzoni kwa upande usiofaa. Mwaka 1946 kampuni ya sigara za Camel kule Marekani ilikuwa inawatangazia watu kwamba madaktari wengi huvuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Koti jeupe lilikuwa bango la biashara. Miaka minne baadaye, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha ushahidi unaohusisha sigara na saratani ya mapafu. Halafu wakafanya jambo la busara: mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wenyewe, wakiwauliza kama wanavuta na kwa kiasi gani, kisha wakawafuatilia. Wanaume zaidi ya 34,000 walihesabiwa. Ufuatiliaji ule ulidumu miaka hamsini, na mwishoni ukaonyesha kwamba mvutaji wa maisha hupoteza, kwa wastani, kama miaka kumi ya uhai.

Madaktari wa Uingereza walianza kuacha sigara baada ya kuona vifo vya wenzao kwenye jedwali. Somo likaingia vitabuni: moshi, mapafu, saratani. Ni somo la kweli, na limeokoa watu. Ila liliacha mlango mmoja wazi.

Mlango huo kampuni zilikuwa zinaujua zamani. Mwaka 1963 wakili mkuu wa Brown & Williamson, kampuni tanzu ya BAT kule Marekani, aliandika ndani ya nyaraka za siri kwamba nikotini huleta uraibu na kwamba hiyo ndiyo biashara yao. Mwaka 1994 wakuu wa kampuni saba za tumbaku, yake ikiwemo, walisimama mbele ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, wakasema hawaamini kwamba nikotini ina uraibu. Kumbuka hiyo tarehe. Wakati wanaapa, mikono ya watoto wa wakulima wa tumbaku ilikuwa tayari inajua nikotini ni nini.

Kenya nayo ilijipanga. Iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa mwaka 2007: hakuna kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, hakuna matangazo, hakuna kuvuta ovyo mahali pa umma. Kanuni zilizoandikwa mwaka 2014 zilipingwa na BAT mahakamani, zikapanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka Mahakama ya Juu ikaitupa kesi Novemba 2019. Ushindi mkubwa, kusema kweli. Lakini sheria ile ya 2007 haikutaja sigara za kielektroniki kwa jina.

Na zilikuwa zimeshazaliwa. Mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, aliibuni ile ya kisasa mwaka 2003. Hapa kwetu, unajua ni sheria gani ilizitaja mapema? Ya ushuru. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka shilingi 3,000 kwa kila sigara ya kielektroniki. Yaani mtoza ushuru aliijua vepu kabla sheria ya tumbaku haijaitamka. Ni mwaka 2024 ndipo Seneta Catherine Mumma alipopeleka muswada wa kuziingiza bidhaa hizi mpya kwenye sheria ya tumbaku.

Katikati ya hapo, mwaka 2019, BAT ilileta vifuko vya nikotini vya Lyft, vile unavyobana chini ya mdomo. Havina moshi, havina harufu ya kukusaliti kwa mama. Vilikuwa vimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, bodi ile ile inayosajili dawa. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema usajili huo haukufuata sheria. Baadaye vifuko vikarudi kwa jina jingine, Velo. Mwanafunzi wa uuguzi anayeona hayo yote kwa jicho la kawaida atajifunza nini, kwamba ni dawa, ni sumu, au ni pipi?

Rafiki yangu mmoja anayesomea utabibu Kitale aliniambia, vepu yake ya embe iko mkononi, "Msee, hii ni mvuke tu. Moshi ndio mbaya." Si mjinga huyu. Alikuwa ananirudishia alichofundishwa, bila kukosea hata neno.

Na ana nusu ya ukweli. Mvuke wa vepu una sumu chache kuliko moshi wa sigara. Kuna ushahidi mzuri kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia baadhi ya wavutaji kuacha sigara. Mzee wa miaka hamsini anayemaliza pakiti kwa siku, akihama kabisa, huenda akapunguza madhara. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuvuta haondoki kwenye madhara, anaingia. Bidhaa nyingi mpya hutumia chumvi ya nikotini, isiyokwaruza koo, kwa hivyo unaweza kuvuta nyingi bila mwili kukuonya. Na ubongo huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Nusu ya pili ya ukweli ndiyo hiyo.

Ujinga huumiza pande zote mbili. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliolaza watu zaidi ya 2,800 na kuua 68 kufikia Februari 2020. Uchunguzi ulielekeza zaidi kwenye vepu za bangi zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E. Daktari asiyejua hilo atamtisha mvutaji wa sigara arudi kwenye sigara. Daktari anayejua hilo tu atamwambia kijana wa embe kwamba yake ni salama.

Kuna dawa ndogo ya kuanzia, nayo ni swali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima Kenya wanatumia tumbaku. Kati ya wanawake, asilimia 0.8 walivuta, ila asilimia 3.8 walitumia tumbaku isiyo na moshi, kama ule ugoro wa nyanya zetu. Ukimuuliza nyanya kliniki "unavuta sigara?" atasema hapana, na hatakuwa amedanganya. Kijana wa Velo pia atasema hapana. Mvunaji wa Malakisi pia.

Uliza hivi: "Kuna kitu chochote chenye nikotini kinachokugusa, kwa moshi, kwa mvuke, kwa mdomo, kwa pua au kwa mikono?" Ni swali refu kidogo kwa foleni ya hospitali ya kaunti, najua. Na kama Doll na Hill walivyofanya mwaka 1951, lianzie kwa wanafunzi wenyewe, hosteli kwa hosteli, kabla halijafika kwa mgonjwa.