Breki iliyoungua: mteremko uliozaa baiskeli ya milimani

Tarehe 21 Oktoba 1976, kundi dogo la vijana lilipandisha baiskeli zao nzito hadi juu ya mlima nje ya mji wa Fairfax, jimbo la California, Marekani. Mbele yao ilishuka barabara ya udongo iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Urefu wake ni kama kilomita 3.4 tu, lakini katika umbali huo mtu anateremka karibu mita 400. Njiani kuna kona za ghafla, mifereji iliyochimbwa na mvua, changarawe inayoteleza na mawe yaliyochomoza ardhini. Charlie Kelly, aliyeandaa mashindano hayo, aliwaachia mmoja mmoja, kila mtu akishindana na saa. Alan Bonds akashinda, kwa kuwa ndiye aliyefika chini bila kuanguka.

Baiskeli zenyewe zilikuwa mikweche. Nyingi zilikuwa Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto na wauza magazeti, kisha zikatupwa. Vijana waliziokota au kuzinunua kwa bei ya chee kwa sababu mbili: fremu zake zilivumilia kipigo, na matairi yake manene yalimeza mawe ambayo yangepasua tairi jembamba la baiskeli ya mashindano. Uzito wake ulikaribia kilo 20.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye breki. Nyingi kati ya baiskeli hizo hazikuwa na breki za mkononi. Breki ilikaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilishika pale mwendeshaji alipokanyaga pedali kinyumenyume. Kwenye mtaa tambarare ilitosha. Kwenye mteremko ule, chuma kilisuguana na chuma kwa dakika kadhaa mfululizo, kitovu kikapata moto, na grisi ikaungua na kutoka kama moshi. Baada ya safari moja ilibidi kufungua kitovu kizima na kukipakia grisi upya. Kazi hiyo ya kupakia upya, ambayo kwa Kiingereza huitwa repack, ndiyo iliyoupa mteremko jina lake hadi leo: Repack.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ninaamini historia yote ya baiskeli ya milimani imo ndani ya methali hiyo. Kila kifaa tunachokiona leo kwenye baiskeli hizi ni jibu la swali lililoulizwa na mlima, na waliojibu kwanza walikuwa vijana waliochafua mikono yao wenyewe, kabla viwanda havijaamka.

Swali la kupanda lilijibiwa mapema. Desemba 1974, katika mashindano ya baiskeli ya Mill Valley, walitokea vijana wa mji wa Cupertino wakiwa na mikweche iliyofungwa gia. Gary Fisher na Joe Breeze, marafiki wa Kelly, waliiona. Muda si muda Fisher akaufunga mkweche wake gia na breki za mkononi. Sasa mtu aliweza kupanda mlima akiwa juu ya kiti badala ya kusukuma. Ni Fisher huyo aliyeweka rekodi ya Repack, dakika 4 na sekunde 22, huku Breeze akimfuata nyuma kwa sekunde 2 tu. Wende Cragg, mwanamke aliyeshindana pamoja nao, alibeba pia kamera, na ni kwa picha zake kwamba tunajua sura za siku zile.

Lakini fremu kuukuu zilipinda na kukatika. Mwaka 1977 Breeze akaunda baiskeli mpya kuanzia bomba la kwanza, kwa chuma imara chepesi, mahsusi kwa njia za mawe. Baiskeli hiyo, Breezer ya kwanza, leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Mwaka 1979 Fisher na Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli zilizojengwa juu ya fremu za fundi Tom Ritchey, wakaiita MountainBikes. Miaka miwili baadaye Stumpjumper ya kampuni ya Specialized ikaingia sokoni, na mchezo ukatoka mikononi mwa marafiki wachache. Mwaka 1996, kule Atlanta, ukaingia Olimpiki.

Ritchey ndiye aliyeleta uzi wa historia hii hadi kwetu Afrika. Mwaka 2005 alizuru Rwanda, akaendesha kwenye vilima vyake na kukuta baiskeli za mbao zikibeba mizigo. Alirudi na mradi wa baiskeli imara za kubebea kahawa, na kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu ya waendeshaji. Mwaka 2012 mjini London, Adrien Niyonshuti aliibeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi wa Olimpiki, kisha akashindana katika mbio za baiskeli za milimani na kumaliza wa 39.

Ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, mjini Goma, Kongo, chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, bado inateremka juu ya mawe ya volkano ikiwa imesheheni makaa na viazi. Breki yake ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na dereva hukikandamiza kwa mguu. Hakufundishwa na yeyote wa California. Mteremko ulimuuliza swali lile lile, naye akalijibu kwa alichokuwa nacho.