Kusoma Nyumbani Katika Usambara

Watu wengi hudhani kwamba kumfundisha mtoto kwa vitabu nyumbani, mzazi mwenyewe akiwa mwalimu, ni jambo geni lililotoka Ulaya na Marekani. Lakini mtu akizitazama vema habari za Usambara ataona kwamba shina la jambo hili lilikuwako hapa tangu zamani, ila halikuwa na jina hilo. Lugha yenyewe yashuhudia. Twasema mwalimu hufundisha, bali mzazi hufunda. Na maneno hayo mawili yametoka katika asili moja.

Kabla ya shule, mafiga ndiyo yaliyokuwa darasa. Mimi nilisikia kwa bibi yangu habari ya Mbegha, yule mwindaji wa Nguu aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego, akafukuzwa na ndugu zake. Akapita mwituni akiua nguruwe walioharibu mashamba, akigawa nyama, hata akafika Vuga. Usiku akamwua simba, na watu wakamfanya mfalme wao. Bibi hakuniuliza swali hata moja. Ila jioni ya pili aliniambia, "Haya mwanangu, wasimulie wadogo zako." Nilipokosea, wao ndio walionirudi.

Kisha habari hizo zikaingia katika maandiko. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa mwandishi wa Semboja, mtawala wa Mazinde, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi. Wamisionari wa UMCA huko Magila wakazipiga chapa sehemu kwa sehemu. Na mwaka 1962 zikatolewa tena katika kitabu kimoja. Huku milimani Walutheri wa Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Mmoja wao wa baadaye, Karl Roehl, alitoa Agano Jipya la Kishambaa mwaka 1908, kisha Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937, ambayo ndani yake alijitahidi kutumia maneno ya Kibantu mahali pa yale ya Kiarabu.

Tena vita ikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Usambara, na baadaye wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika mpaka mwaka 1925. Katika miaka ile walimu na wazee wenyeji ndio waliotunza makanisa. Mgeni alikwenda zake, kitabu kikabaki. Hapo twaona faida ya kitabu kilichokwisha kuingia nyumbani: hakimngoji mwenye shule.

Huko Uingereza alikuwako mama mmoja, Charlotte Mason, aliyezaliwa mwaka 1842 na kufa mwaka 1923. Mwaka 1886 alitoa kitabu chake juu ya malezi ya nyumbani, na tangu mwaka 1891 chama chake kiliwapelekea wazazi orodha za vitabu kila muhula, hata wale waliokaa mbali katika nchi za ng'ambo. Mpaka leo wako wazazi Wakristo wengi wafuatao njia yake. Nayo ni hii: mtoto asipewe muhtasari mkavu, bali kitabu kizuri kilichoandikwa na mtu aipendaye habari yake, asomewe mara moja tu, kisha asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Niliposoma habari hizo nilicheka, maana nilimwona bibi yangu, ambaye hakujua herufi hata moja.

Lakini kicheko changu hakikudumu. Mwaka mmoja binti yangu alishika nafasi ya kwanza darasani. Nikamwambia, "Nisimulie habari ya Mbegha." Akataja Kilindi, akataja Vuga, kama ilivyoandikwa katika daftari lake, kisha akanyamaza. Sababu ya Mbegha kufukuzwa hakuijua, wala simba hakumjua. Kosa halikuwa lake. Mimi, niliyesimulia watoto wa wengine miaka mingi, nyumbani nilikuwa nikisahihisha madaftari tu. Yale niliyopewa bure na bibi yangu yalikuwa karibu kukatika mikononi mwangu.

Tangu siku ile twasoma kila jioni baada ya chakula: leo ukurasa wa Wakilindi, kesho sura ya Biblia, na mdogo kuliko wote ndiye asimuliaye kwanza.

Sisemi watoto waondolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yawataka wazazi wawapeleke, na ni vema, kwani hesabu na sayansi si wazazi wengi wawezao kuzifundisha. Tena najua vitabu ni ghali, na mzazi aliyetoka shambani amechoka. Lakini bibi yangu alitoka shambani vilevile. Kitabu cha tano cha Musa chawaagiza wazazi kuwafundisha watoto wao waketipo nyumbani na waendapo njiani. Agizo hilo hakupewa mwalimu wa mshahara. Wahenga nao walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi na tuulizane, sisi tuliosoma: jioni hii, ni nani nyumbani mwetu atakayesimulia, na nani atakayemrudi akikosea?